Marehemu Edward Sokoine na Kazi ya Kusimamia Wenzako

Katika kitabu hiki cha miaka kumi tumeona tusijaze hesabu za hisa na mikopo tu. Tumemchagua marehemu Edward Moringe Sokoine, maana jina lake halikosi kutajwa kila tunapobishana kuhusu viongozi wa kikundi hapa Mungaa.

Alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai. Mwaka 1965 akawa Mbunge, 1972 Waziri wa Ulinzi, na 1977 Waziri Mkuu. Mwaka 1980 aliacha kiti hicho kwa ajili ya afya yake. Hebu fikirini, ni wangapi wanaoachia kiti wenyewe? Februari 1983 Mwalimu Nyerere akamrudisha.

Alikuta hali ngumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina. Akina mama wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka: sabuni, sukari na khanga zilikuwa za mgawo, na foleni ilianza alfajiri. Ukifika dirishani unaambiwa vimekwisha, kumbe vimepitia mlango wa nyuma.

Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Kilichowafurahisha wananchi ni kwamba haukuishia kwa wenye maduka. Watumishi wa mashirika ya umma nao waliguswa, maana bidhaa zilitoka kwenye maghala yao. Sokoine anakumbukwa kwa kufuatilia kazi mwenyewe, na alipofariki hakuacha sifa ya mtu aliyejilimbikizia mali. Ndiyo maana aliweza kumbana mwenzake bila kuona haya.

Lakini tusimpake mafuta tu. Watu walianza kukamatwa kabla sheria yenyewe haijapitishwa na Bunge, na mbele ya ile mahakama maalum mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Wachuuzi wadogo nao walitetemeka; wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu. Mwaka 1984 sheria ile ikabadilishwa na kesi zikarudi kwenye mahakama za kawaida. Sisi tunaona hapo ukali ulitangulia haki.

Tunalisema hili kwa sababu nasi yametupata. Mwaka wetu wa nne, sisi viongozi watatu tulikuwa na mikopo iliyopitisha muda, na wanachama walinyamaza kwa heshima. Huku nyuma, tulikuwa tumemtoza faini mama mmoja aliyechelewa wiki mbili tu, wala hatukumwuliza kulikoni. Kumbe alikuwa anauguza mtoto. Alitoka kikundini. Baadaye tulikubaliana majina ya wadaiwa yasomwe kila mkutano, kuanzia la mwenyekiti, na anayedaiwa asikilizwe kwanza. Siku ya kwanza mwenyekiti alisomwa, wee, kimya kilitanda! Alilipa baada ya mavuno ya alizeti. Yule mama tulimfuata nyumbani mara mbili, hakurudi.

Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 45. Alizikwa kwao Monduli, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake. Barabara ile ya Dodoma kwenda Morogoro ndiyo tunayopita tukisafiri kwenda Dar, na basi likifika Dakawa wazee bado huonyesha dirishani.