Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugundua bakteria inayosababisha kifua kikuu, na kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1905.

Koch alifanya kazi pia katika Afrika ya Mashariki kwa vipindi vitatu kati ya miaka 1897 na 1907. Huko alichunguza malaria, homa ya papasi na malale. Majaribio yake ya dawa, hasa tuberkulini mjini Berlin na atoksili katika Visiwa vya Ssese, yamebaki kuwa mifano muhimu katika historia ya usalama wa dawa, kwa kuwa wagonjwa wengi waliumizwa na dawa zilizokusudiwa kuwaponya.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, ambao wakati ule ulikuwa katika Ufalme wa Hannover. Baba yake alifanya kazi katika migodi ya eneo hilo. Familia ilikuwa na watoto wengi.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen. Mmojawapo wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, aliyeamini kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo mno, ingawa wakati huo hakuna aliyeweza kuthibitisha jambo hilo. Koch alihitimu udaktari mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, nao wakamzaa binti mmoja, Gertrud.

Baada ya kuhudumu kama daktari katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa (1870–1871), aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko nchini Poland na huitwa Wolsztyn. Hapo hakuwa na maabara wala maktaba. Alitenga sehemu ya nyumba yake, akanunua hadubini, akaanza utafiti baada ya kumaliza kuwahudumia wagonjwa.

Kimeta, kifua kikuu na kipindupindu

Mifugo ya wilaya ya Wollstein ilikuwa ikifa kwa kimeta. Mwaka 1876 Koch alionyesha kwamba ugonjwa huo husababishwa na bakteria moja maalumu, na kwamba bakteria hiyo hugeuka kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bakteria fulani kuthibitishwa kikamilifu kuwa chanzo cha ugonjwa fulani.

Mwaka 1880 aliitwa kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola mjini Berlin. Pamoja na wasaidizi wake alibuni njia za kuotesha bakteria juu ya vyakula vigumu na kuzipaka rangi ili zionekane vizuri kwa hadubini. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amegundua bakteria ya kifua kikuu, ugonjwa ulioua watu wengi sana Ulaya wakati ule. Kwa kumbukumbu hiyo, tarehe 24 Machi huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Miaka 1883–1884 aliongoza msafara uliokwenda Misri na India, akatambua bakteria inayosababisha kipindupindu. Mwaka 1885 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Tuberkulini

Mwaka 1890, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachoweza kuzuia bakteria ya kifua kikuu isikue. Miezi michache baadaye dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilianza kutolewa kwa wagonjwa. Koch hakueleza ilitengenezwaje. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi, na madaktari waliidunga bila kujua ni nini wanachodunga.

Kabla ya hapo Koch alikuwa amejidunga mwenyewe, akapata homa kali, kutetemeka na kichefuchefu. Wagonjwa wa kifua kikuu walipata dalili hizohizo hata kwa kipimo kidogo zaidi, kwa hiyo ilibidi joto lao lipimwe mara kwa mara baada ya sindano. Baadhi yao walikufa. Rudolf Virchow alipochunguza maiti aliona kwamba bakteria zilikuwa bado hai, na kwamba katika baadhi ya wagonjwa ugonjwa ulikuwa umeenea zaidi.

Mwaka 1891 Koch alilazimika kueleza kwamba tuberkulini ilikuwa dondoo la bakteria zenyewe katika gliserini. Taarifa ya serikali iliyohusu wagonjwa zaidi ya 1,700 ilionyesha kwamba waliopona walikuwa wachache sana. Hata hivyo, nguvu ya mwili kuitikia tuberkulini ilipata matumizi mengine: mpaka leo hutumika katika kipimo cha ngozi cha kutambua maambukizi ya kifua kikuu.

Mwaka huohuo ilianzishwa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza mjini Berlin, naye akawa mkurugenzi wake. Mwaka 1893 aliachana na Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, ambaye alimfuata katika baadhi ya safari zake za Afrika.

Kazi katika Afrika ya Mashariki

Mwaka 1896 Koch alikwenda Afrika Kusini kuchunguza sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiangamiza ng'ombe. Kutoka huko alipitia India kulikokuwa na tauni, kisha mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Alichunguza malaria kwa kupima damu ya wagonjwa kwa hadubini.

Katika kipindi hicho alishughulikia pia homa ya mkojo mweusi, ambamo chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi na mkojo hugeuka rangi. Koch alidai kwamba chanzo chake si malaria yenyewe bali ni kwinini, dawa iliyotumika kutibu malaria. Madaktari wengi walimpinga. Leo inaeleweka kwamba hali hiyo inahusiana na malaria kali pamoja na matumizi ya kwinini, hasa yasiyo ya mpangilio. Hata hivyo, swali lake lilikuwa la msingi: dalili mpya inapojitokeza kwa mgonjwa anayetumia dawa, je, imeletwa na ugonjwa au na dawa?

Alirudi Afrika mwaka 1903, kwanza Rhodesia alikochunguza ndigana kali ya ng'ombe, halafu Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1905 alieleza jinsi papasi wanaoishi katika sakafu za vibanda vya kulala wasafiri kwenye njia za misafara wanavyoeneza homa inayorudirudi. Joseph Dutton na John Todd walikuwa wamegundua jambo hilohilo huko Kongo. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel.

Malale na atoksili

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalikuwa yameua zaidi ya watu laki mbili kandokando ya ziwa Viktoria Nyanza upande wa Uganda. Ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Usipotibiwa, vimelea huingia katika ubongo na mgonjwa hufa. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch kuutafiti. Alipitia Amani, katika milima ya Usambara, na Mwanza, kisha kwa ruhusa ya Waingereza akaweka kambi katika kisiwa cha Bugala, kimojawapo cha Visiwa vya Ssese. Kati ya wasaidizi wake alikuwemo Friedrich Karl Kleine.

Dawa aliyoitumia ilikuwa atoksili, yenye arseniki ndani yake. Ilikuwa imeonyesha uwezo wa kuua vimelea vya aina hiyo katika wanyama wa maabara. Jina lake lilimaanisha kwamba haina sumu, lakini haikuwa hivyo.

Koch alianza kwa kudunga nusu gramu kwa siku mbili mfululizo, kisha kurudia baada ya siku kadhaa. Mwanzoni matokeo yalionekana mazuri: vimelea vilitoweka katika damu, tezi za shingoni zikanywea, na wagonjwa waliokuwa hawawezi kusimama wakaanza kutembea. Habari zikaenea, na watu wengi wakaja kambini kwa mitumbwi. Zaidi ya wagonjwa elfu moja walitibiwa.

Baada ya muda vimelea vilianza kurudi. Koch aliongeza kipimo hadi gramu nzima. Wagonjwa walipata maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kizunguzungu, na wengine wakaanza kupoteza uwezo wa kuona. Kwanza ilidhaniwa kwamba upofu huo ungepita, lakini haukupita, kwa sababu dawa ilikuwa imeharibu neva za macho. Watu 22 walibaki vipofu. Koch akarudi kwenye kipimo kidogo, ambacho hakikuweza kuponya wengi kabisa.

Wagonjwa hawakuombwa ridhaa kwa namna inayotakiwa leo. Wengi waliacha matibabu na kurudi makwao walipoona madhara au walipojisikia nafuu. Mwaka 1907 Koch aliondoka akipendekeza wagonjwa wakusanywe katika kambi za kutengwa. Kambi za namna hiyo zilianzishwa katika koloni la Ujerumani, kandokando ya Viktoria Nyanza na ziwa Tanganyika, na wagonjwa waliendelea kudungwa atoksili. Kleine alibaki Afrika, na mwaka 1909 alionyesha jinsi vimelea vinavyokua ndani ya mwili wa mbung'o.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1908 Koch alisafiri hadi Marekani na Japani, ambako alipokewa kwa heshima kubwa. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yalihifadhiwa katika taasisi aliyoiongoza mjini Berlin, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Koch.

Umuhimu kwa usalama wa dawa

Atoksili iliachwa, lakini uchunguzi wa kikemia juu yake ulimsaidia Paul Ehrlich kupata dawa ya kaswende. Dawa nyingine ya malale yenye arseniki, melasoproli, ilitumika tangu katikati ya karne ya 20 ingawa iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliotibiwa nayo. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo zimepatikana dawa za kumeza zenye madhara madogo zaidi.

Kambi ya Bugala inaonyesha sababu ya kanuni kadhaa ambazo wauguzi hufundishwa leo. Kabla ya kutoa dawa, muuguzi huhakikisha mgonjwa ni yule anayehusika, dawa ni sahihi, kipimo ni sahihi, njia ya kuitoa ni sahihi na wakati ni sahihi, kisha huandika alichotoa. Kazi haiishii hapo. Anatakiwa kumweleza mgonjwa madhara yanayoweza kutokea, kumwangalia baada ya dawa, na kutoa taarifa mapema. Huko Bugala wagonjwa ndio walioweza kueleza kwamba macho yao yanafifia. Neva ya jicho ikishakufa, kuacha dawa hakurudishi uwezo wa kuona.

Kanuni hizo zinahusu pia ugonjwa ambao Koch aligundua chanzo chake. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja kwa muda wa miezi:
- Ethambutoli inaweza kudhuru macho, kwa hiyo mgonjwa huulizwa kama anaona vizuri na kama anatofautisha rangi nyekundu na kijani.
- Isoniazidi inaweza kuleta ganzi na kuchomachoma miguuni. Vitamini B6 husaidia kuzuia hali hiyo.
- Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zinaweza kudhuru ini. Macho kuwa ya njano, kutapika na kukosa hamu ya kula ni dalili za hatari.
- Rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Jambo hilo halina madhara, lakini mgonjwa asipoambiwa mapema anaweza kuogopa na kuacha dawa.

Tanzania ina nafasi ya pekee katika historia hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mpango wa taifa wa kifua kikuu, ukishirikiana na daktari Karel Styblo, ulijenga utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa na kuweka kumbukumbu zake hadi mwisho wa matibabu. Shirika la Afya Duniani lilitumia uzoefu huo katika mkakati wake wa miaka ya 1990. Siku hizi madhara ya dawa hutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Katika maeneo yaliyo mbali na hospitali kubwa, kama vile kata ya Kinyangiri katika Wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, muuguzi au mganga wa kituo cha karibu mara nyingi ndiye mtaalamu wa kwanza kukutana na mgonjwa mwenye dalili za namna hiyo. Swali fupi kuhusu macho, miguu au rangi ya mkojo kila mgonjwa anapofuata dawa zake linaweza kugundua madhara wakati bado yanaweza kuzuiwa.

Tazama pia

- Kifua kikuu
- Malale
- Mbung'o
- Paul Ehrlich
- Uuguzi