Friedrich Fröbel, mwalimu aliyewafungulia watoto wadogo shule ya kucheza, kisha serikali ikaikataza

Watoto wa miaka mitatu, minne au mitano wanaimba wakishikana mikono, wanapanga vipande vya mbao, wanafinyanga udongo, wanapanda maharagwe na kungojea yaote. Katika shule nyingi ndogo za watu binafsi mambo hayo yanahesabiwa kama masomo ya nyongeza, na wazazi wanayalipia. Aliyeyaunganisha na kuyafanya mpango kamili wa shule ni Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel. Alikufa mwaka wa 1852, wakati shule zake zilikuwa zimepigwa marufuku katika Prusia, ufalme wenye nguvu kuliko yote ya kaskazini mwa Ujerumani.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 mwezi wa nne mwaka wa 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kwenye milima na misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti, mwenye vijiji vingi vya kuhudumia na muda mdogo wa kukaa nyumbani. Mama yake alikufa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba akaoa tena. Mwanzoni mama wa kambo alimpenda, lakini alipozaa mtoto wake mwenyewe akamsukuma Friedrich pembeni, hata akaacha kusema naye jinsi mama anavyosema na mtoto wake. Baba naye alimwona kuwa mtoto mzito wa akili, akamtia katika shule ya wasichana ya kijiji. Kijana huyo alikua akitembea peke yake kwenye bustani na msituni. Alipofika miaka kumi, mjomba wake wa mji wa Stadtilm akamchukua, na huko ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza maisha ya nyumba yenye upendo. Anayetaka kujua kwa nini mtu huyu alishikilia sana habari ya mama na mtoto asitafute mbali.

Njia yake ya kuufikia ualimu ilikuwa ndefu na yenye kona nyingi. Kwanza aliwekwa kwa bwana misitu ajifunze kazi hiyo. Kisha akaenda chuo kikuu cha Jena. Huko alimkopesha ndugu yake feza, yeye mwenyewe akabaki na deni la chakula, na deni hilo likamfunga majuma tisa katika gereza la chuo. Alitoka baada ya kukubali kuuacha urithi wake. Hakuwa amefikisha miaka 20.

Mwaka wa 1805 alifika Frankfurt akitaka kusomea ujenzi wa nyumba. Mwalimu mkuu wa shule moja ya mfano akamwomba afundishe. Mara tu aliposimama mbele ya wanafunzi, Fröbel alijua kwamba amepata kazi yake. Mwaka uleule akasafiri mpaka Yverdon, inchi ya Uswisi, kumtazama Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyesifiwa Ulaya nzima. Miaka mitatu baadaye alirudi huko na watoto watatu wa familia moja ya kitajiri aliokuwa akiwafundisha, akakaa mpaka mwaka wa 1810. Alijifunza mengi, lakini hakuridhika na yote. Aliona kwamba kuna kitu kinapotea kabla mtoto hajafika kwenye benchi la darasa.

Baada ya hapo alisoma tena, Göttingen na Berlin, akaingia vita dhidi ya Napoleon mwaka wa 1813 kama askari wa kujitolea. Katika kikosi hicho alikutana na Heinrich Langethal na Wilhelm Middendorff, vijana wawili ambao wangekuwa wenzake wa kazi kwa miaka mingi. Vita ilipokwisha, alipata kazi Berlin kwenye jumba la mawe na madini. Siku nyingi aliziishi kati ya fuwele, akitazama jinsi jiwe linavyojijenga kwa pembe zilezile kila mara. Vipande vya mbao alivyokuja kuwapa watoto vilizaliwa, kwa sehemu kubwa, katika jumba hilo.

Shule yake ya kwanza ilitoka katika msiba. Ndugu yake Christoph alikufa mwaka wa 1813, akaacha mjane na watoto. Mwaka wa 1816 Fröbel aliacha kazi ya Berlin akaenda kijiji cha Griesheim kuwafundisha watoto watano wa ndugu zake. Ndiyo ilikuwa shule yote: watoto watano. Aliipa jina kubwa sana, chuo cha malezi cha Wajerumani wote. Mwaka uliofuata akaihamisha Keilhau, kijiji kilichofichwa bondeni. Wanafunzi walisoma, walilima, walijenga na kutembea milimani. Hesabu yao ilipanda ikakaribia 60, na mwaka wa 1826 Fröbel akatoa kitabu chake kikubwa, Die Menschenerziehung, juu ya malezi ya binadamu. Kitabu chenyewe kinachosha. Fröbel hakuandika vizuri, na wengi walioipenda kazi yake waliielewa kwa kuitazama, si kwa kuisoma.

Wakati huo wafalme wa Ujerumani walikuwa na hofu ya vijana wenye mawazo ya uhuru. Keilhau ikashukiwa. Mtawala wa eneo, akisukumwa na wakubwa wa nje, akamtuma mkaguzi. Mkaguzi aliisifu shule, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusambaa na wazazi wakawaondoa watoto. Kufikia mwisho wa miaka ya 1820 waliobaki walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Fröbel akaenda Uswisi kuanza upya, na mwaka wa 1835 akawekwa kuongoza nyumba ya yatima ya Burgdorf. Huko ndiko alikowatazama kwa karibu watoto ambao bado hawajafika umri wa masomo.

Alirudi Ujerumani na mwaka wa 1837, akiwa na miaka 55, akakaa Blankenburg, mji mdogo karibu na Keilhau. Umri ambao wengine wanafikiria kupumzika, yeye alianza kutengeneza vitu vya kuchezea. Aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita midogo ya sufu, kila mmoja na rangi yake, imefungwa kwa uzi ili hata mtoto mchanga auvute na kuuona ukienda na kurudi. Ya pili ilikuwa ya mbao: tufe linaloviringika na mchemraba unaokaa imara, baadaye akaongeza silinda katikati, inayofanya yote mawili. Ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa kuwa vinane vidogo. Mtoto aliweza kuuvunja bila kuadhibiwa, kwa sababu ulitengenezwa uvunjwe na kujengwa tena. Kwa vipande hivyo vinane alijenga kiti, ukuta au ngazi. Aliona nusu, robo na thumuni kabla hajajua kuzitaja. Alipanga maumbo yanayopendeza macho. Zaidi ya zawadi kulikuwa na kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka vipande vyake, kufinyanga. Kulikuwa na nyimbo za vidole na michezo ya duara. Na kila mtoto alikuwa na kipande chake cha bustani cha kulima, pembeni ya bustani ya wote.

Jina lilimpa taabu. Yale ya kwanza yalikuwa marefu mno. Mwishowe akapata Kindergarten, bustani ya watoto, na tarehe 28 mwezi wa sita mwaka wa 1840 likatangazwa mbele ya watu. Aliuza hisa za taler 10 kwa akina mama wa Ujerumani ili kupata feza za kujenga. Walionunua walikuwa wachache. Mke wake Wilhelmine, aliyevumilia ufukara wote wa Keilhau, alikuwa amekufa mwaka wa 1839 bila kuona jambo hilo. Hawakuzaa mtoto.

Kwa maoni yetu, hatua yake kubwa kupita zote ni ile iliyofuata: aliwafundisha wanawake vijana kazi ya kulea na kufundisha watoto wadogo, kazi yenye mafunzo yake kamili. Walimu wengi wanaume walimcheka. Lakini mwaka wa 1848 mkutano wa walimu huko Rudolstadt uliiunga mkono kazi yake, na ilionekana kana kwamba mlango umefunguka.

Mapinduzi ya mwaka huo yalishindwa, na mlango ukafungwa. Tarehe 7 mwezi wa nane mwaka wa 1851 serikali ya Prusia ilikataza shule hizo, ikidai kwamba zinawapeleka watoto kwenye usoshalisti na kumkana Mungu. Aliyeandika maneno yaliyowatisha wakubwa alikuwa Karl Fröbel, mtoto wa ndugu yake. Friedrich, mtu wa sala, alieleza kwamba wamechanganya majina, akaandika mpaka kwa mfalme. Hakusikilizwa. Mwaka huohuo alikuwa amemwoa Luise Levin, mwanafunzi wake. Tarehe 21 mwezi wa sita mwaka wa 1852 alikufa Marienthal, mwenye miaka 70.

Marufuku iliondolewa mwaka wa 1860, lakini tayari kazi ilikuwa imevuka mipaka kwa mikono ya wanawake. Margarethe Schurz alifungua shule ya namna hiyo Watertown, Marekani, mwaka wa 1856. Bertha von Marenholtz-Bülow alizunguka Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji akiieleza. Mwaka wa 1859 kitabu cha mafunzo yake kilichapwa Brussels kwa Kifaransa, na Ubelgiji walimu wa watoto wadogo wakaitwa kwa jina la Fröbel. Kutoka Ubelgiji huohuo ilikuja Kongo ile shule ya gardienne, ambayo leo tunaiita maternelle. Elimu ya bure iliyoanza mwaka wa 2019 ni ya shule ya msingi. Mzazi wa mtoto wa miaka minne bado anatafuta feza mwenyewe.

Luise aliendelea kuwafundisha walimu mjini Hamburg mpaka uzee wake, akafa mwaka wa 1900. Mume wake amezikwa Schweina, karibu na Marienthal. Juu ya kaburi wameweka mchemraba wa jiwe, juu yake silinda, na juu ya silinda tufe.