Clara Schumann na nafsi ya kwanza

Katika masomo ya sarufi tunafundishwa mapema kwamba kiambishi ni- ni cha yule anayesema. Anayeandika nilicheza ndiye aliyecheza. Sikuwahi kuitilia shaka kanuni hiyo mpaka niliposoma maisha ya Clara Schumann, mpiga piano Mjerumani wa karne ya 19. Shajara yake ilianzishwa mwaka 1827, alipokuwa na umri wa miaka saba, nayo imeandikwa katika nafsi ya kwanza. Lakini mkono ulioandika ulikuwa wa baba yake, Friedrich Wieck. Alipoandika mimi, alimaanisha binti yake. Alipoandika baba, alijitaja mwenyewe.

Clara alizaliwa mjini Leipzig tarehe 13 Septemba 1819. Baba yake alifundisha piano na kuziuza. Wazazi walipoachana, sheria ya wakati ule ilimpa baba haki ya kumlea mtoto. Clara alichelewa sana kusema. Alifikisha miaka minne na zaidi watu wakidhani hasikii. Hata hivyo vidole vyake vilielewa haraka. Tarehe 20 Oktoba 1828, akiwa na miaka tisa, alipiga piano mbele ya watu katika ukumbi wa Gewandhaus. Mwaka 1835 alirudi katika ukumbi huo akapiga konserto aliyoitunga mwenyewe, Mendelssohn akiongoza okestra. Mwaka 1838, mjini Vienna, alipewa cheo cha mpiga piano wa kasri la kaisari. Alikuwa na miaka 18.

Wakati huo alikwisha kumpenda Robert Schumann, mwanafunzi wa zamani wa baba yake, mtunzi aliyepoteza tumaini la kuwa mpiga piano kwa sababu ya kidole kilichoharibika. Wieck alikataa katakata. Alikuwa amewekeza miaka yake yote kwa binti huyo, na mapato ya matamasha aliyashika yeye. Mwaka 1839 wapenzi hao walikwenda mahakamani kuomba ruhusa ambayo baba aliwanyima. Walishinda, wakaoana tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21.

Siku iliyofuata Robert alimpa shajara mpya, ya watu wawili, waandike kwa zamu. Safari hii Clara aliishika kalamu mwenyewe, lakini nyumba ilikuwa na sheria yake: Robert alipotunga, piano ya mkewe ilipaswa kunyamaza. Ndani ya miaka 14 walizaa watoto wanane. Clara aliendelea kutembea na kupiga, hata Urusi mwaka 1844, kwa sababu familia ilihitaji fedha. Mapigano yalipozuka Dresden mwezi Mei 1849, alitoroka na mumewe na binti yao mkubwa. Kisha, akiwa na mimba ya miezi saba, alirudi usiku kwa miguu kupitia mashamba hadi mjini, akawachukua watoto waliobaki.

Mwezi Februari 1854 Robert, akili ikiwa imevurugika, alijitupa katika mto Rhine. Aliokolewa, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn. Madaktari hawakumruhusu Clara kumwona kwa zaidi ya miaka miwili. Alimwona siku mbili tu kabla ya kifo chake, mwezi Julai 1856. Akabaki mjane mwenye watoto saba. Marafiki walitaka kumchangia fedha, akakataa. Akarudi jukwaani.

Hapo ndipo kazi yake inaponishangaza zaidi. Alipiga kwa miaka mingine 35, Ujerumani, Austria, Uingereza na kwingineko. Alipiga bila karatasi ya noti mbele yake, wakati ambapo jambo hilo bado lilionekana kama majivuno, na akalifanya kuwa desturi ya wapiga piano waliomfuata. Aliwafanya watu wazipende kazi za Robert na za rafiki yake Brahms. Tangu 1878 alifundisha Frankfurt. Aliwazika watoto wake wanne, na wa tano aliishi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Tamasha lake la mwisho lilikuwa mwaka 1891. Alifariki tarehe 20 Mei 1896.

Lakini baada ya kifo cha Robert aliacha karibu kabisa kutunga. Mwaka 1839 alikwisha kuandika katika shajara kwamba mwanamke asitamani kutunga, kwani hakuna aliyewahi kuliweza. Ninaposoma maneno hayo najiuliza ni nani anayesema. Kalamu ilikuwa yake, ila miaka mingi alifundishwa na mtu mwingine jinsi ya kusema mimi. Na aliyeandika hivyo alikwisha kutunga konserto.

Yapo maandishi mengine ambayo hayana shaka. Tangu 1828 hadi 1891 programu za matamasha yake zilihifadhiwa, takriban 1,300. Hakuna kiambishi ni- ndani yake: ni jina lake, mji, tarehe, na kazi alizopiga. Kila karatasi inathibitisha kwamba jioni ile alikuwapo yeye mwenyewe, na hakuna aliyeweza kupiga kwa niaba yake.