Rashad Pharaon: Tabibu wa mfalme aliyekuwa waziri

Daktari Rashad Pharaon alizaliwa Damascus, Syria, akasomea udaktari hukohuko. Mwaka 1936 alihamia Saudi Arabia kumtibu Mfalme Abdulaziz, aliyekuwa akichechemea kwa majeraha ya vita na maradhi ya viungo.

Februari 1945 tabibu huyo alikuwa katika msafara wa mfalme uliopanda meli Jeddah kwenda Misri kuonana na Rais Roosevelt wa Marekani, ambaye naye alifuatana na daktari wa moyo. Roosevelt alimtunuku mfalme kimoja cha viti vyake vya magurudumu. Miezi miwili baadaye, rais huyo akafariki dunia.

Pharaon aliwahi kuwa balozi nchini Ufaransa, na mwaka 1954 akateuliwa waziri wa afya. Mgeni aliyekabidhiwa mwili wa mfalme mmoja sasa alibeba dhamana ya afya ya taifa zima. Alifariki mwaka 1990.