Wilhelm Voigt: fundi viatu aliyevaa nguo za kapiteni na kubeba feza za mji

Simu inalia. Mtu mwenye sauti nzito anajitambulisha kuwa ofisa wa polisi, wa ANR ao wa auditora ya jeshi. Anasema jina lako liko ku dosie fulani, ao mtoto wako amekamatwa, na gari la kuja kukuchukua liko njiani. Kiisha anashusha sauti. Anasema kuko njia ya kumaliza mambo bila kelele: utume feza ku namba atakayokupa, mbio mbio, na usiongee na mtu mwingine.

Wakaaji wengi wa Bukavu, Goma, Bunia ao Kalemie wanajua simu ya namna hiyo. Wengine wanafikiri ni ujanja uliokuja pamoja na simu za mkononi. Lakini wizi wa kujifanya mtu wa serikali ni wa zamani sana. Mmoja kati ya wale waliojulikana zaidi duniani ku kazi hiyo alikuwa fundi viatu wa Ujerumani, Wilhelm Voigt. Siku moja ya mwaka wa 1906, alikamata meya wa mji na kubeba feza za mji huo, bila kupiga mtu hata kofi. Maisha yake yanaonyesha vile hila hii inafanya kazi, na juu ya nini inanasa hata watu wenye masomo.

Kijana wa gereza

Wilhelm Voigt alizaliwa tarehe 13 Februari 1849 ku mji wa Tilsit, katika ufalme wa Prussia. Leo mji huo uko Urusi na unaitwa Sovetsk. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mtoto akajifunza kazi hiyo hiyo. Lakini akiwa na miaka 14 tu, alifungwa siku 14 juu ya wizi, na shule ikamfukuza.

Kuanzia hapo, maisha yake yakawa ya kuingia na kutoka gerezani. Kati ya mwaka wa 1864 na wa 1891, alihukumiwa mara nne juu ya wizi na mara mbili juu ya kutunga maandishi ya uongo. Hukumu ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito zaidi: mwaka wa 1891 alipewa miaka 15 kwa sababu alivunja ofisi ya tribinali ili aibe feza. Alimaliza miaka hiyo yote. Alipotoka, Februari 1906, alikuwa anatimiza miaka 57. Zaidi ya nusu ya maisha yake ya utu uzima ilikuwa imepita nyuma ya kuta.

Hakukuwa na mtu mwenye kumuhurumia Voigt wakati huo, na haifai kumfanya malaika. Alikuwa mwizi. Lakini kile kilichomufikia baada ya kutoka gerezani, wakaaji wengi wa kwetu watakielewa bila kuelezwa sana.

Kufukuzwa juu ya karatasi

Voigt alienda kwanza Wismar, mji wa kandokando ya bahari, kaskazini ya Ujerumani. Kule akapata kazi kwa fundi viatu mwenye jina nzuri. Bosi wake aliridhika naye. Lakini polisi walipoona dosie yake ya zamani, wakamwamuru aondoke katika jimbo lile. Kazi ikapotea.

Akaenda upande wa Berlin, kwa dada yake, na kupata tena kazi, mara hii ku kiwanda cha viatu. Agosti 1906, polisi ya Berlin ikamfukuza pia, ikisema mtu wa namna yake hatakiwi pale. Kwa hiyo alikuwa katika shimo lenye kujulikana: bila ruhusa ya kukaa mahali, hapati kazi ya halali, na bila kazi, hapati ruhusa ya kukaa. Hakuondoka. Alibaki Berlin kwa siri, akilipia kitanda tu katika nyumba ya watu.

Wakati huo, jeshi lilikuwa juu ya kila kitu katika Prussia. Watoto walifundishwa kuheshimu nguo za kijeshi kabla ya kujua kusoma vizuri. Askari alifundishwa kutii galoni, hapana kuuliza uso wa mwenye kuzivaa. Voigt hakuwahi kuwa askari, lakini aliangalia mambo hayo kwa miaka mingi na akaelewa kitu kimoja: watu hawakuwa wanatii mtu, walikuwa wanatii nguo.

Siku ya tarehe 16 Oktoba 1906

Voigt alianza kununua nguo ya kapiteni kipande kwa kipande, kwa wauzaji mbalimbali wa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Hivi hakuna muuzaji aliyeshituka. Tarehe 16 Oktoba alivaa zote, akaenda kungojea kwenye njia ambayo askari walipitia wakati wa kurudi kambini kutoka kazi ya ulinzi.

Kikundi kidogo kikapita. Akakisimamisha, akatangaza kwamba kuanzia hapo kiko chini ya amri yake. Mkubwa wa kikundi akamrudisha kambini. Kiisha akachukua askari wengine waliokuwa wanatoka ku uwanja wa kufyatua bunduki. Wote pamoja walikuwa karibu kumi. Hakuna aliyeomba karatasi. Hakuna aliyejiuliza juu ya nini kapiteni ana umri wa babu.

Alipanda nao treni mpaka Köpenick, mji mdogo wa upande wa mashariki wa Berlin. Walipofika ku ofisi ya meya, aliweka askari ku milango yote na kukataza watu kutoka ao kuingia bila ruhusa yake. Polisi wa mji, wale wa kweli, aliwapa kazi ya kulinda utulivu inje. Nao wakalinda.

Halafu akafanya jambo ambalo linafaa kukumbukwa kuliko mengine yote: aliamuru ofisi ya posta isiunganishe simu yoyote kwenda Berlin kwa muda wa saa moja. Simu moja tu ku kambi ya Berlin ingetosha kumwangusha, kwa sababu kule hakuna mtu aliyemjua. Mpango wake wote ulitegemea saa hiyo moja ambamo hakuna mwenye kuuliza mwingine.

Akaingia kwa meya, Georg Langerhans, akamwambia kwamba anakamatwa kwa amri ya mfalme, na kwamba kuna mashaka juu ya hesabu za mji. Inasimuliwa kwamba meya aliomba kuona mandati ya kukamata, na Voigt akamwonyesha tu askari wake wenye bunduki kama jibu. Meya alikuwa mtu wa masomo, anajua sheria. Lakini alikubali.

Mwenye kutunza feza za mji naye akakamatwa, kiisha kuamriwa ahesabu kile kilichokuwa ku sanduku. Zilitoka zaidi ya mark 3,500. Voigt akazichukua na kuacha risiti. Alitia sahihi kwa jina la mkubwa wa gereza alimokuwa amefungwa. Meya na mtunza feza wakapakiwa ku magari ya farasi na kupelekwa Berlin chini ya ulinzi. Askari waliobaki wakaambiwa wakae ku nafasi zao nusu saa. Kapiteni akaenda zake ku stesheni, akabadilisha nguo, akapotea kati ya watu.

Berlin, meya alipofikishwa mbele ya maofisa, hakuna aliyekuwa anamungojea. Ndipo ikajulikana kwamba hakukuwa na amri wala kapiteni.

Kicheko, hukumu na msamaha

Habari ilipoenea, watu wengi walicheka. Magazeti ya Ujerumani na ya inje yaliandika juu ya nchi ambamo nguo peke yake inaweza kufunga meya. Voigt alikamatwa siku kumi baadaye, tarehe 26 Oktoba, kwa sababu mtu aliyefungwa naye zamani alikuwa anajua mipango yake na akaipasha polisi. Tarehe 1 Desemba 1906 tribinali ilimpa miaka minne ya gereza juu ya kuvaa nguo za kijeshi bila haki, kunyima watu uhuru, udanganyifu na kutunga maandishi ya uongo.

Mwenyewe alijitetea kwamba alikuwa anatafuta paspoti tu, ili aondoke na kuanza maisha mapya. Watu wengi walimsikitikia. Lakini ofisi aliyoingia haikuwa na kazi ya kutoa paspoti, na feza alizibeba.

Agosti 1908, mfalme Wilhelm wa Pili akamsamehe na akatoka mbele ya muda. Voigt akawa mtu wa maonyesho. Alizunguka miji ya Ulaya, akijionyesha kama kapiteni, akiuza picha zenye sahihi yake. Mwaka wa 1909 alitoa kitabu cha maisha yake. Kiisha akahamia Luxembourg, na kule, mwishowe, akapata kile alichonyimwa kwao: karatasi ya utambulisho. Aliishi huko kwa miaka zaidi ya kumi. Vita ya kwanza ya dunia na kuanguka kwa thamani ya feza vilikula akiba yake. Alikufa maskini tarehe 3 Januari 1922, na akazikwa ku mji wa Luxembourg.

Mwaka wa 1931, mwandishi Carl Zuckmayer alitoa mchezo wa tiatre juu yake, na leo sanamu yake imesimama mbele ya ofisi ile ile ya Köpenick.

Hila ni ile ile

Ni vyepesi kucheka juu ya Voigt, kwa sababu sanduku lilikuwa la mji, na aliyepata haya alikuwa mkubwa. Mwizi wa simu wa leo hatafuti meya. Anatafuta mama mwenye feza ya masomo ya watoto, ao mzee ambaye mtoto wake yuko safarini. Hakuna mwenye kumjengea sanamu.

Lakini njia ni moja. Voigt alitumia nguo. Mwizi wa simu anatumia sauti, cheo, na jina la ofisi yenye kuogopwa. Voigt alisema amri imetoka kwa mfalme. Huyu anasema imetoka Kinshasa ao kwa jenerali. Voigt alifunga simu za posta. Huyu anakukataza kukata simu na kukataza kuambia watu. Voigt alitoa risiti. Huyu naye anaweza kutuma picha ya karatasi yenye muhuri. Muhuri na sahihi havikuhakikisha kitu Köpenick, na leo vinatengenezwa ku kompyuta kwa dakika chache.

Kuko pia sababu ingine ambayo haipendezi kusema. Meya Langerhans alikubali kwa sababu ilikuwa inaweza kutokea: katika nchi yake, jeshi liliweza kweli kuingia na kukamata mtu. Kwetu pia, mtu anayetetemeka ku simu si mjinga. Amekwisha kuona jirani akipelekwa kasho bila karatasi, na familia ikiombwa feza ili atoke. Kila mara ofisa wa kweli anafanya hivyo, anamsaidia mwizi wa simu kuaminika.

Sheria yenyewe iko upande wa raia. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Februari 2006 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa anapashwa kuambiwa mara moja sababu, kwa luga anayoelewa; kwamba ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake ao mwanasheria wake; na kwamba kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi hakupiti saa 48. Kwa hiyo mtu anayekukataza kuita familia yako anaenda kinyume na Katiba, hata kama ana galoni za kweli. Kujifanya mtu wa serikali kunaazibiwa na sheria, na udanganyifu wa kutoza watu feza umeandikwa ku kifungu cha 98 cha Kodi ya azabu, kitabu cha pili.

Kile ambacho kilikosekana Köpenick ni mtu mmoja wa kuita Berlin. Kwa hiyo, simu ya namna hiyo ikiingia, ukate. Uite mwenyewe yule mtoto ao ndugu anayesemwa amekamatwa, ku namba unayoijua wewe. Asipopatikana, uende ku ofisi yenyewe pamoja na mtu mwingine: jirani, mkubwa wa mtaa, ao mwanasheria ukimpata. Namba ya mwizi usiifute, uiandike pamoja na siku na saa, juu ya kufungua malalamiko ku OPJ ao ku parke. Na kama ulikwisha kutuma feza, uende siku ile ile ku agence ya mtandao uliotumia. Feza zikikwisha kutolewa ku upande mwingine, kuzirudisha kunakuwa vigumu sana.