Karen Blixen: nyumba imetunzwa, ghala je?

Karen Blixen alishuka meli Mombasa Januari 1914, na tarehe 14 ya mwezi huo akaolewa papa hapa mjini kwetu na Bror Blixen, Mswidi, ndugu yake wa mbali. Wilhelm, mwana wa mfalme wa Uswidi, alikuwa shahidi. Hawakukaa Pwani. Walipanda gari la moshi kwenda bara, kwenye shamba chini ya milima ya Ngong, na huko bibi huyu wa Kidenmaki, aliyezaliwa Rungsted mwaka 1885, akakaa miaka 17.

Mimi nakaa Kimuka, Kajiado, nyuma ya milima hiyo hiyo, nako nimefika kwa sababu ya riziki kama Wapwani wengi. Enzi zake huku kote kulikuwa ndani ya nchi waliyosukumiwa Wamaasai kwa mikataba ya 1904 na 1911. Upande wake walikuwapo Wakikuyu, ambao kwa sheria ya mkoloni walihesabiwa maskwota katika ardhi ile, na wenye boma walidaiwa siku 180 za kazi kila mwaka. Nalisema hili mapema, maana ziko sifa za bibi huyu zinazoandikwa kana kwamba alikuta pori tupu.

Shamba lilifika ekari 6,000, kahawa ikiwa kwenye 600 tu. Watu huongea sana habari za nyumba yake, na za mapenzi yake na Denys Finch Hatton, yule Mwingereza aliyekuwa na nyumba Takaungu, ufukweni. Bibi alikwenda huko, akaiona bahari yetu na magofu yetu. Haya mnayajua kwa filamu ya 1985. Mimi nataka tuingie ghalani.

Ghala la kahawa ndilo lililokuwa moyo wa shamba lile. Kahawa ikishachumwa ilimenywa, ikalowekwa, ikaoshwa na kuanikwa. Kisha ilitiwa katika pipa kubwa la chuma lililozungushwa kwa mashine na kupata moto, nalo lilinguruma hata usiku wa manane, watu wakilikesha, kwani kahawa ikizidi moto imeharibika, na ikibaki na maji itaoza. Baadaye ilitolewa ganda, ikachambuliwa, ikapangwa kwa ukubwa na kushonwa magunia, 12 kwa tani. Alfajiri magari yalifungwa ng'ombe 16 kila moja, yakakokotwa hadi stesheni ya Nairobi. Kutoka hapo safari ilikuwa ya kuja kwetu bandarini, kisha mnadani London. Magunia yale yalibebwa na mababu zetu, makuli wa Mombasa. Basi hata sisi tuna sehemu yetu katika hadithi hii.

Kandokando ya mashine alikuwapo Pooran Singh, Kalasinga, mhunzi. Kiwanda chake kidogo kilikuwa baraza la shamba: Wakikuyu wakija kutazama chuma kikipigwa, Wamaasai wakileta kazi zao. Msomali Farah Aden alisimamia nyumba na pesa. Bila hao bibi asingemaliza mwaka.

Mwaka 1923 ghala liliungua. Kwa mtu mwenye mashine moja na mavuno yote chini ya paa moja, moto wa namna hiyo ni kama jahazi kuzama na shehena yake. Lilijengwa upya, lakini shamba halikupata nafuu. Mahali penyewe palikuwa juu mno kwa kahawa, zaidi ya futi 6,000, kuna baridi na mvua hukatika. Yeye na Bror walikuwa wameshatengana, na talaka ikaja 1925. Akaliendesha shamba peke yake, na kila msimu ndugu zake Denmaki waliomwekea fedha wakizidi kuchoka.

Mei 1931 Finch Hatton alianguka na ndege yake Voi, akazikwa kwenye milima ya Ngong. Shamba lilikuwa limeshauzwa, likawa linakatwa viwanja. Miezi ya mwisho bibi aliitumia kwa jambo ambalo mimi namheshimia kuliko vitabu vyake: alizunguka ofisi za serikali akidai maskwota wake wapewe ardhi pamoja, wasitawanywe. Wakapewa kwenye msitu wa Dagoretti. Mwaka huo huo akapanda meli, asirudi tena. Kitabu chake cha maisha ya Ngong kilitoka 1937, naye akafa 1962.

Nyumba yake ya mawe, iliyojengwa 1912, Denmaki iliikabidhi Kenya wakati wa uhuru, na tangu 1986 ni makumbusho. Vitu vyapangusiwa vumbi, wageni wanalipa. Mitambo kuukuu ya kahawa imewekwa nje, miongoni mwa miti, na wengi huipiga picha moja wakaondoka. Nami naona hesabu imepinduka. Sebuleni alikaa mtu mmoja na wageni wake. Ghalani walifanya kazi mamia, na majina yao hayamo popote ila katika chuma kile.

Huku Kimuka na Kitengela mambo ni mepesi zaidi: kiwanja kikipata mnunuzi, tingatinga linaingia. Karibu nami lipo banda la mawe la zamani, boriti zake bado nzima. Mwenyewe anataka vyumba vya kupangisha, wala simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Ila banda lenye kuta imara laweza kuwa duka, darasa, hata vyumba hivyo hivyo, kwa gharama ya paa. Nimemwambia, anafikiri. Sheria ya makumbusho ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa turathi, lakini nani atamwandikia waziri kwa ajili ya banda?

Na nyumbani je? Lamu iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na milango ya Mji wa Kale wa Mombasa kila mgeni anaipiga picha. Maghala ya karibu na bandari ya zamani, yaliyowekwa pembe, nazi na ngozi, wangapi kati yetu wanaweza kuyaonyesha kwa kidole? Wazee waliobeba mizigo humo wamebaki wachache. Mwenye simu na aende kwao wiki hii, apige picha za kuta, aulize ghala lipi lilikuwa la nani na kiliwekwa nini.