Maisha ya Wilhelm Maybach, Aliyeishinda Joto ya Injini

Wilhelm Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 katika mji wa Heilbronn, Ujerumani. Alipofika umri wa miaka 10 alikuwa yatima, hana baba wala mama. Akapokewa katika nyumba ya kulelea maskini mjini Reutlingen, na humo akafundishwa kuchora mitambo. Hapo ndipo alipoonwa na Gottlieb Daimler, msimamizi wa karakana, aliyemzidi umri kwa miaka 12. Tangu siku hizo walifanya kazi kama mtu na nduguye. Mwaka 1885 waliunda baiskeli ya mti yenye injini ya petroli, mama wa pikipiki zote.

Lakini palikuwa na adui mmoja, nayo ni joto. Petroli huwaka ndani ya silinda, na sehemu tu ya joto yake hugeuka kuwa mwendo. Inayobaki isipoondolewa, oili huharibika, pistoni hutanuka na kukwama, injini ikafa. Motokaa za mwanzo zilichukua maji mengi ya kupozea, nayo yakichemka na kupungua njiani. Kila injini ilipoongezwa nguvu, maji nayo yalizidi, na gari likawa zito.

Daimler alifariki Machi 1900. Mwaka huo huo, bila mwenzake, Maybach alibuni rejeta mfano wa sega la nyuki. Aliunganisha vijibomba 8,070, kila kimoja upana wa milimita 6. Upepo ulipita ndani ya vijibomba, na maji ya moto yakapita katika nafasi nyembamba baina yao. Gari lilipokwenda polepole, feni ilisaidia kuvuta upepo. Lita 9 za maji zikatosha mahali pa lita 18. Gari hilo, Mercedes la nguvu za farasi 35, liliyashinda mengine katika mashindano ya Nice, Ufaransa, Machi 1901.

Baadaye Maybach na mwanawe Karl walitengeneza injini za ndege kubwa za Zeppelin. Alifariki tarehe 29 Desemba 1929, akazikwa Cannstatt, makaburi alimozikwa Daimler.

Wanafunzi wenzangu, kijibomba kimoja hakiwezi kupoza injini, lakini haba na haba hujaza kibaba. Yatima yule hakurithi mali. Alirithi penseli, na aliitumia kwa subira.